Tundu Lililozibwa kwa Nta

Ninyi mnaoanza kazi wodi ya mifupa, siku ya kwanza mtapewa glavu na ratiba ya zamu, na mtaambiwa mengi kuhusu kuvunjika. Kuhusu kupona hamtaambiwa kitu. Mimi nimekaa chumba cha vidonda hapa Babati mpaka nywele zikabadili rangi, na ninawaambia hivi: mguu uliovunjika leo hauna ujanja. Unauma, mwenyewe anapiga kelele, majirani wanambeba, analetwa. Mguu wa kuogopa ni ule uliokwisha kutangazwa kuwa umepona.

Mama yangu alikuwa muuza vitunguu. Kabla sijashika mkasi wa hospitali nilishika mizani ya sokoni, na huko nilijifunza mambo ambayo chuo cha uuguzi hakina mwalimu wake. Mtu hataji bei yake ya kweli mara ya kwanza. Na hesabu ya mara moja ni tetesi. Ndiyo maana nilikuwa nahesabu gozi, vile vitambaa vyeupe vya hospitali, ninazoingiza kwenye kidonda, nazihesabu tena zinapotoka, na kama mtu ananisemesha katikati naanza upya. Wenzangu walinicheka sana. Hakuna gozi yangu iliyolala ndani ya mtu. Za waliokuwa wanacheka sizisemei.

Tuelewane kwanza kuhusu chuma. Watu wakiwekewa chuma mguuni wanadhani kesi imefungwa. Chuma ni kitu kizuri, nimeona watu wakitembea juu yake miaka na miaka hata wamesahau kiko mguu gani. Lakini chuma hakiungi mfupa. Kinaushikilia tu wakati mfupa unajiunga wenyewe, na hapo wawili hao wako kwenye mashindano: mfupa uunge kabla chuma hakijachoka. Ukianza kubeba gunia mapema, skrubu zinalegea, pleti inakatika, mnarudi mwanzo. Jambo la pili, chuma hakina damu. Mdudu akishajibandika pale, dawa unazomeza hazimfikii, kwa sababu dawa hupanda basi la damu na kwenye chuma hakuna kituo. Kwa hiyo ukiona mtu ana chuma, ana tundu dogo linalotoa maji juu yake, na amekwisha kumeza kila rangi ya kidonge duka la dawa, usimwongezee rangi nyingine. Mpeleke kwa daktari wa mifupa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gwandu, mkuu wa chumba cha vidonda nilipoingia, mtu mfupi aliyevaa koti la mtu mrefu. Siku moja alinikuta namuuliza mgonjwa, “Unaumwa?” Mgonjwa akajibu, “Salama tu, Sista.” Alikuwa amebebwa na watu.

Mzee Gwandu akanivuta pembeni. “Binti, mtu wa huku hata akifa akisalimiwa atajibu salama. Usimuulize habari ya mwili wake. Uliza habari za vitu vyake.”

“Vitu gani?”

“Viatu. Mashuka. Muulize siku hizi nyumbani kwake mashuka yanafuliwa mara ngapi. Mtu anaweza kukuficha usaha, mashuka hayafichi.”

Nimelitumia swali hilo maisha yangu yote ya kazi na halijawahi kunitupa.

Swali la pili ni la choo, na hilo tulifundishwa na mzee mmoja wa Singe. Alibadilishiwa nyonga kwenye hospitali kubwa mbali na hapa, akarudi anatembea kama kijana, halafu akaletwa kwetu nyonga imechomoka. Ikarudishwa. Akaletwa tena. Nikamjia juu: “Babu, si uliambiwa usichuchumae?”

“Niliambiwa,” akasema. “Halafu mkanirudisha kwenye choo cha kuchuchumaa. Sasa mwanangu, mlitaka niende wapi, porini nikiwa nimesimama?”

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa fundi seremala, tukavutana bei mpaka akakaribia kunifukuza, akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati. Mzee hakurudi tena. Tangu hapo, mtu yeyote mwenye nyonga ya bandia hakutoka mikononi mwangu kabla hajanichorea choo cha kwao. Mkiona aibu kuuliza habari za choo, nendeni mkafanye kazi benki.

Sasa niwaambie habari za Mama Elia wa Nakwa. Ruhusa amenipa mwenyewe. Kwa kweli amenilaumu kwa nini nimechelewa.

Jina lake ni Rebeka, ni mkulima, na ndiye kiongozi wa kwaya katika usharika wao wa Kilutheri. Sauti yake ukiisikia hutafuti spika. Alivunjika muundi alipoanguka kwenye pikipiki akiwa amekalia gunia la mbaazi, maana kwetu pikipiki ikishabeba gunia, abiria anakaa juu ya mzigo. Akawekewa pleti na skrubu. Kidonda kikafunga vizuri, nyuzi nilizitoa mimi. Jumapili ya shukrani akaingia kanisani kwa miguu yake, bila gongo, akasimama mbele akatoa ushuhuda: “Bwana ameniponya kabisa, sina hata alama ya maumivu.” Nasikia vigelegele vilifika barabarani.

Mavuno yakapita, wakalima tena. Asubuhi moja akaja chumbani kwangu akimsindikiza mama mkwe wake aliyeungua mkono kwa uji. Nikawa namsafisha bibi, Rebeka amekaa kwenye kiti nyuma yangu. Nikasikia harufu ya asali.

Nikamtazama bibi. “Bibi, mlipaka asali?”

“Hapana, maji baridi tu, kama ulivyotufundisha.”

Harufu ilitoka nyuma yangu. Na chini ya asali ilikuwepo harufu nyingine, ile ambayo ukishaifahamu huhitaji kuambiwa jina. Nikageuka. Rebeka amevaa kitenge kirefu, soksi ndefu, na jua la Babati lile. Mguu mmoja ameusukuma chini ya kiti.

Nikamuuliza taratibu, “Mama Elia, siku hizi mashuka mnafua mara ngapi?”

Akanitazama kama mtu aliyeguswa bega na askari. Mama mkwe ndiye aliyejibu: “Huyu? Anafua kila siku. Nimemwambia atayamaliza.”

Nilimtoa bibi kwa heshima, nikafunga mlango. Rebeka akashusha soksi mwenyewe. Juu ya muundi, pale pleti ilipo, palikuwa na kifungo cha njano, laini, kimesawazishwa kwa kidole gumba. Nta ya nyuki. Kazi safi, nisiwafiche. Mrina asali wa Sigino asingeziba mzinga vizuri kuliko vile.

“Unaziba lini?”

“Jumamosi jioni. Isinuke kanisani, na isilowanishe joho la kwaya.”

“Unafungua lini?”

“Jumatatu. Leo sijaifungua kwa sababu nilijua nakuja huku.”

“Na homa inakuja lini?”

Akafikiri. “Mara nyingi Jumapili jioni.”

“Mama Elia, homa yako inajua kalenda.”

Alicheka na machozi yakamtoka, vyote kwa wakati mmoja. Nilipoitoa ile nta, kilichotoka kilikuwa kinasubiri mlango tu. Hilo likaririni, vijana: tundu la namna ile ni mfereji. Mwili umechimba ili utoe uchafu. Kwa macho, tundu lililofunga linafanana na kupona, na ndiyo maana watu wetu wanapenda kuliziba, kwa nta, kwa majivu, kwa unga wa majani. Ukiziba mfereji, uchafu unageuka kurudi ndani, kwenye mfupa na kwenye damu.

Daktari wetu wa mifupa, Daktari Tluway, kijana mwenye sauti ya chini, aliiweka picha ya eksirei ya mguu kwenye mwanga na kumwonyesha Rebeka. Skrubu zimelegea, unaona weusi umezizunguka. Mfupa haukuwa umeunga vizuri, na kipande chake kimekufa. “Mama, chuma kitoke,” akasema. “Tukwangue mfupa uliokufa, mguu tuushike kwa vyuma vya nje. Usaha ukikauka kabisa, tunachukua mfupa kidogo kwenye nyonga yako, tunaupandikiza kwenye pengo.”

“Na nisipotaka?”

“Ukienda hivi hivi, siku moja tutakata mguu kuokoa wewe. Siwezi kukuambia ni lini.”

“Nitakuja baada ya Pasaka,” akasema Rebeka, akavuta soksi juu, akaondoka. Pasaka ilikuwa bado mbali.

Nilikwenda Nakwa kumfuata. Yeye alikuwa shambani, nikakutana na mumewe, Baba Elia, mtu mrefu mpole anayefikiri kabla hata ya kusema asante. Nilimweleza maneno yote ya daktari nikiwa nimekunywa chai yake ya maziwa. Alikubali kila kitu. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka: sokoni, mtu asiyebisha bei siye mwenye mzigo. Nilirudi nyumbani najisifu.

Jumatatu yake nikasikia kelele getini. Askari wa hospitali anabishana na Baba Elia. Pembeni amesimama Rebeka amejifunika khanga mpaka machoni, na katikati yao yuko kondoo dume, mnene, mkia kama mto wa kulalia.

“Huyu haingii!” anasema askari.

“Ana miadi na daktari,” anasema Baba Elia.

Nikakimbia. “Shikamoo, Baba Elia. Kondoo wa nini?”

“Marahaba, Sista. Mlisema mnatafuta mfupa wa kujazia. Sasa kwa nini mumtoboe mama wa watu nyonga wakati mguu ameshaumia? Kondoo huyu mimi nimemlea, hajaugua hata siku moja. Chukueni mnapotaka.”

Daktari Tluway alitoka nje mwenyewe. Sikumwona akicheka, na kwa hilo nilimpa alama. Akamwambia, “Mzee, wazo lako si la kijinga. Kuna nchi wanatengeneza mfupa wa ng'ombe kiwandani, unasafishwa mpaka unakuwa kama chokaa, wanaujazia watu. Sisi huo hatuna. Na hata tungekuwa nao, kwa mguu uliooza hivi mfupa wa mwenyewe ni bora, kwa sababu bado uko hai, na mwili unaujua.”

Baba Elia aliachia pembe ya kondoo. Kisha akafungua vifungo vya koti. “Basi chukueni wangu. Nyonga zangu zote nzima. Mimi na huyu tumeishi pamoja tangu ujana, mwili wake utanijua.”

Askari ndiye aliyegeuka kwanza akajifanya anafunga geti. Daktari alimshika mkono mzee, akamweleza polepole kwamba hata wa mume hauwezi kuwa kama wa mwenyewe. Na Rebeka, kwenye khanga yake, akasema neno moja: “Pasaka.”

Pale ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimepatana bei na mtu asiyeuza. Nikamchukua mama peke yake, tukakaa kwenye ngazi nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo mashine inanguruma na hakuna anayekusikia.

“Mama Elia, mimi si mtoto. Pasaka si shida yako. Bei yako ya kweli ni ipi?”

Alivuta nyuzi za khanga mpaka nikadhani ataimaliza. “Sista, nilisimama mbele ya watu. Nilisema Bwana ameniponya kabisa. Wale watu walifunga, wakaomba kwa ajili ya mguu huu. Nikirudi pale na vyuma vimetoka nje kama miiba ya nungunungu, watasema nani muongo? Mimi, au Mungu?”

Swali hilo kwenye kitabu chenu cha vidonda halimo, nimeangalia. Nikamwambia, “Mimi ni Mkatoliki, ya ushuhuda wenu siyawezi. Nikuulize ya kwangu. Siku ile uliposema umepona, ulikuwa unaumwa?”

“Hata kidogo.”

“Kidonda kilikuwa kinatoa maji?”

“Kilikuwa kikavu. Wewe mwenyewe ulikitoa nyuzi.”

“Basi hukusema uongo. Uliwahi tu.”

Akageuka akanitazama. Nikaona mlango umeachia kidogo, nikaingiza mguu, kama tunavyofanya sokoni. Nikamwambia mguu ukikatwa nao utaonekana kanisani, na huo hauzibwi kwa nta. Akaanza kupatana, na mtu akianza kupatana amekwisha kununua. Akataka baada ya Pasaka, nikasema kesho. Akataka mwezi, nikasema kesho kutwa. Tukakutana Alhamisi. Kwa upande wangu nilitoa mambo mawili: kwaya yake ingeruhusiwa kuja kufanyia mazoezi kwenye kibaraza cha wodi, na habari ya nta nisimwambie mtu yeyote, si mchungaji, si mama mkwe. “Wa kusema nitakuwa mimi,” akasema, “au hakuna.” Nikakubali. Siri ya mgonjwa nilikuwa nadaiwa na kazi yangu hata hivyo, lakini sokoni unaruhusiwa kuuza hata kile ambacho lazima ungekitoa bure.

Yule kondoo hakurudi Nakwa. Aliliwa, na supu yake ilifika mpaka kwa askari. Baba Elia alitaka kupaka mafuta ya mkia kwenye kidonda, nikamwambia mafuta ya kondoo yana njia moja tu ya halali kuingia kwa mgonjwa, nayo ni mdomo.

Alhamisi pleti ilitoka. Rebeka akaomba kuiona. Akaitazama kwenye bakuli. “Ndogo hivi? Nilivyokuwa nailisha vidonge, nilidhani ni kama reli.” Mguuni sasa alikuwa na fremu ya nje, pini zimepita kwenye ngozi mpaka kwenye mfupa. Wodini tunaiita antena. Vijana waliovunjika na bodaboda wakamwandama: “Mama, inashika stesheni gani?” Naye: “Inashika taarifa za vifo vya waendesha pikipiki. Wewe jina lako nani?” Wakamheshimu.

Kazi ya fremu ni ya kuchosha, na ndiyo kazi yenu. Kila pini ni mlango. Maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, gozi safi, pini moja gozi moja, usirudishe ya pini hii kwenye pini ile. Ukiona wekundu unasambaa au ngozi inavutika, usisubiri zamu ijayo. Na mfundishe mgonjwa afanye mwenyewe, kwa sababu nyumbani hutakuwepo. Rebeka alijifunza upesi kuliko wanafunzi wengine niliowahi kuwa nao, sitawataja, wako kazini.

Kwaya ilikuja kila Jumatano. Soprano wamebanana kwenye kibaraza, yeye amekaa kitandani karibu na dirisha, antena imenyooshwa mbele, anawaongoza kwa kijiko. Wao waliambiwa “mguu unaangaliwa.” Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu mtu haulizi.

Usaha ulipokauka na damu yake ilipopimwa ikaonekana imetulia, wakachukua mfupa nyongani, wakaupandikiza. Jiandaeni kwa hili: mgonjwa wa kupandikizwa mfupa atalalamikia nyonga kuliko mguu. “Sista, mmenivunja kwingine!” Mwambieni kabla, si baada. Mkimwambia kabla, atavumilia. Mkimwambia baada, atawaita matapeli.

Halafu ikaja picha ya kwanza baada ya kupandikiza, na haikuonyesha kitu. Pengo liko pale pale, vipande vya mfupa vimekaa ndani yake kama mchanga kwenye shimo. Picha iliyofuata, hivyo hivyo. Pini moja ikapata wekundu, homa ikarudi, na safari hii haikuwa ya Jumapili. Rebeka akageukia ukutani. Jumatano kwaya ikaja, hakuinua kijiko.

“Kateni,” akaniambia. “Nimechoka kuwa shamba. Mmelima, mmepanda, hakioti. Kateni nikalime kwa gongo.”

Baba Elia alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliisikia. Alikaa chini sakafuni, mtu mrefu vile, akaweka chupa miguuni.

Daktari Tluway hakumficha kitu. Akasema pini ile itolewe, iwekwe nyingine mbali kidogo, homa ishushwe kwa dawa, na mfupa upewe muda zaidi. Ukishindwa, wataongea habari ya kukata. Alipotoka, nikavuta kiti.

“Mama Elia, nipe picha moja.”

“Ulisema hivyo na ile iliyopita.”

“Ile alisema daktari. Mimi sijakuomba hata moja. Nipe moja yangu.”

“Na mimi unanipa nini?”

Nikakosa. Kwa mara ya kwanza mfuko wangu wa maneno ulikuwa mtupu, na yeye akaona. Nafikiri ndicho kilichomlegeza, kuniona nimefika mwisho. “Haya,” akasema. “Moja.”

Pini ikahamishwa. Homa ikashuka, ikabaki chini. Masika yakaisha, wakaanza kuvuna mahindi, na Daktari Tluway akaiweka picha yangu kwenye mwanga. Mfupa mpya, vijana, haufanani na mfupa. Ni kama moshi wa jiko unapopenya kwenye makuti ya paa asubuhi, huna hakika kama unauona. Niliangalia, nikavua miwani, nikaangalia tena. Ulikuwepo. Umevuka pengo kutoka upande huu hadi upande ule, hafifu, lakini umevuka.

“Ndio huo?” akauliza Rebeka. “Mbona kama mtu amefuta kwa kidole?”

“Ndio huo,” akasema daktari. “Sasa utakomaa.”

Na ulikomaa. Fremu ilitoka, ikafuata piopii, ile plasta ngumu, yakafuata magongo mawili, kisha moja. Mguu ulibaki mfupi kidogo kuliko mwenzake, na fundi viatu akamwongezea soli. Vitu hivi havirudi kama vilivyokuwa, msimdanganye mtu. Lakini mguu ulikuwa wake, mkavu, na ulimfikisha shambani.

Mimi nikastaafu. Siku moja simu ikalia. “Sista, Jumapili uje kanisani kwetu.”

“Mimi Mkatoliki.”

“Mlango wetu hauulizi. Njoo.”

Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, tabia ya muuza vitunguu. Kwaya ikaimba, na baada ya matangazo mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Rebeka akatoka kwenye mstari, akapanda mbele taratibu na soli yake nene. Baba Elia, safu ya wanaume, akashika benchi la mbele yake kwa mikono miwili.

“Mara ya mwisho nilisimama hapa nikawaambia nimepona kabisa,” akasema. Sauti ile, bila spika. “Sikuwa nimepona. Mguu ulianza kutoa usaha, nikawaonea aibu, nikawa naziba kwa nta ya nyuki kila Jumamosi ili msinisikie harufu. Mungu hakuniambia nizibe. Nilijiamulia.”

Bati la kanisa lilikuwa linalia kwa jua.

“Chuma kilitolewa. Nimetolewa mfupa hapa”, akagusa nyonga, “umepandwa hapa. Bado naenda kliniki. Sisemi nimepona kabisa. Nasema natembea, na naendelea kutibiwa. Mniombee. Na mkisikia nanuka, tafadhali, safari hii mniambie.”

Mtu mmoja akacheka, kwa mshangao, halafu kicheko kikashika safu nzima ya akina mama, na mama mkwe wake akapiga kigelegele kimoja kirefu, peke yake. Mchungaji akapangusa macho, akasema, “Tusimame tuimbe,” na hakutaja wimbo gani. Kwaya ndiyo iliyochagua.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada nje, kama kawaida yao, wa vitu ambavyo watu wameleta kama sadaka: mayai, ndizi, maboga, majogoo. Hapo nikawa nyumbani. Nilikuwa nimemlenga jogoo mwekundu, na mnadishaji, mzee wa kanisa mwenye suti ya kahawia, alikuwa amenishika kwenye bei nzuri, sijapingwa na mtu. Ghafla akaacha kunadi. Akashuka kwenye jiwe alilosimamia, akaja moja kwa moja kwangu na jogoo kwapani. Alikuwa anatembea akichechemea mguu wa kushoto.

“Sista,” akasema kwa sauti ya chini, “mimi natumia majivu.”

Nikamtazama. Nyuma yake, kando ya kapu la maboga, alikuwa amesimama mama mmoja ameshikilia paja lake juu ya kitenge, na nyuma ya mama kijana wa bodaboda mwenye soksi ndefu upande mmoja, anaangalia chini.

“Mzee, mimi nimestaafu.”

“Na macho nayo yamestaafu?”

Watu walikuwa wanaanza kupaza sauti mnada uendelee. Nikamchukua jogoo, nikampa Baba Elia amshike. Nikavuta benchi la kwaya kutoka ukutani, mahali penye mwanga, nikakaa.

“Mzee,” nikamwambia, “kunja suruali.”